Hewa Haiguswi

Umeme ulikatika mchana, Yokasta Marte akiwa amemaliza kupaka rangi kucha za mkono wa kushoto wa mteja wake Nurys na hajagusa za kulia. Vidole vilivyopakwa vilikuwa bado ndani ya kijitaa cha kukaushia. Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Mtaa mzima wa Cerro Hondo uliguna kwa pamoja, kama unavyoguna kila siku, kisha jenereta za wenye nazo zikaanza kukohoa huku na kule.

Yokasta hakuguna kwa sababu alikuwa kwenye ubishi. Alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, na upande wa pili alikuwepo Ezequiel, muuza matairi wa Córdoba, Argentina, mtu ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana lakini amegombana naye kuliko alivyogombana na mume waliyeachana naye. Waligombana kuhusu meli za anga.

"Meli ikipigwa tumboni inazimika," Yokasta alisema. "Inazimika yote. Halafu nahodha anachagua kiwake nini."

"Meli ina mtambo wake, Yoka. Mtambo wa meli haukatikikatiki. Hiyo si feni ya sebuleni kwako."

"Kila kitu kinakatika. Hujui tu kwa sababu kwenu hakijakatika."

Jua Baridi ni mchezo wa kompyuta wa vita vya anga. Ulitengenezwa zamani na kampuni ambayo siku hizi haipo, na mashabiki waliobaki wakaupasua, wakaingia ndani, wakawa wanautia meli zao, silaha zao na kanuni zao. Huchezwa kwa pamoja kupitia kompyuta moja kubwa waliyoikodi mbali huko, kwa hiyo kanuni ikibadilishwa pale imebadilika kwa kila mtu. Ezequiel ndiye mwenye ufunguo wa kompyuta hiyo. Hakuchaguliwa na mtu. Aliwahi tu kuamka kabla ya wenzake.

Mchango wa Yokasta ulikuwa meli moja iitwayo Mkaidi, na kanuni moja iliyotoka chini ya ngazi za nyumba yake. Chini ya ngazi hizo kuna inveta na betri zake, kama zilivyo katika kila nyumba ya Cerro Hondo inayojiweza kidogo, na mwenye inveta anajua kwamba umeme ukikatika huwezi kuwasha kila kitu. Friji hapana. Pasi usithubutu. Feni moja, balbu mbili, basi. Yokasta aliichukua busara hiyo ya jikoni akaipeleka angani: meli ikipigwa, mtambo wake unayumba, na nahodha anapewa ubao wa swichi aamue ni nini kitakachobaki hai. Wachezaji wa nchi zenye umeme waliiona kanuni hiyo kuwa kero. Wachezaji wa nchi nyingine waliielewa bila kuisoma.

Katika nyumba ya Yokasta kitu cha kwanza kwenye inveta hakikuwa feni. Ilikuwa mashine ya oksijeni ya shangazi yake, Bi Digna, aliyekaa siku nzima kwenye kiti cha kubembea karibu na dirisha, mrija wa plastiki puani. Bi Digna alichambua majani ya tumbaku tangu akiwa msichana, na vumbi la majani hayo lilihamia mapafuni mwake likakataa kuhama. Bila mashine anaweza kukaa kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Zaidi ya hapo midomo hubadilika rangi.

Siku ile betri za inveta zilikuwa zimekufa, na fundi alikuwa ameahidi kuja kesho, ile kesho ya kifundi. Yokasta alipokumbuka, alivua vipokea sauti na kukimbilia mtungi wa akiba. Akakuta mashine ya shangazi yake inanguruma kama kawaida. Feni nayo ikaanza kuzunguka. Kijitaa cha kucha kikawaka juu ya vidole vya Nurys. Ndipo wote watatu walipotambua kwamba kompyuta haikuwa imezimika hata mara moja.

Alikuwa anaingia Wascar, dereva wa bodaboda, jirani, ndiye aliyemchorea Yokasta umbo la Mkaidi kwa penseli akisubiri abiria. Alizunguka nyumba akifuata waya. Akachomoa kompyuta ukutani, kila kitu kikazimika isipokuwa kompyuta yenyewe. Akaichomeka, kila kitu kikarudi.

"Umeme unatoka kwenye kompyuta unaingia ukutani," alisema.

Yokasta alitazama skrini. Mkaidi ilikuwa imetulia kwenye obiti ya sayari fulani isiyo na jina, na kipimo cha mtambo wake kilionyesha upungufu mdogo, kiasi cha feni moja, kijitaa cha kucha na mashine ya oksijeni.

"Unatoka melini," alisema.

"Basi malizia na mkono huu wa pili," Nurys alisema, "kabla haujabadili nia."

Bi Digna aliuliza kama meli ina kelele. Akaambiwa haina. Akasema ni afadhali kuliko jenereta ya jirani, akaendelea kubembea.

Habari ya namna hiyo haikai ndani ya nyumba. Nurys alitoka na kucha kumi zinazong'aa katika mtaa usio na umeme, na kabla jua halijazama waya wa kwanza ulikuwa umeshapita juu ya ukuta. Yokasta hakumkatalia mtu. Mtambo wa Mkaidi ulikuwa umebuniwa kusukuma meli yenye uzito wa mlima, na balbu za Cerro Hondo zilikuwa kwake sawa na inzi mgongoni mwa ng'ombe. Pakawa na friji zinazogandisha. Mwenye duka la pembeni akauza bia baridi saa ambayo bia baridi haijawahi kuonekana.

Lakini meli ilijengwa kwa ajili ya vita, na vitani mambo yalikuwa mengine. Mizinga ya Mkaidi ilipoanza kupiga, ilinyonya umeme mpaka balbu za mtaa mzima zikawa nyekundu kama makaa. Ikabidi watu wakubaliane: meli ikiwa vitani hakuna kupiga pasi, hakuna kusaga juisi, na draya za saluni zinangoja. Hivyo ndivyo wanawake wenye rola kichwani walivyopata msimamo kuhusu silaha za anga. Mizinga inakula umeme, makombora hayali. Nurys, ambaye nywele zake ziliwahi kuachwa nusu mbichi kwa sababu ya vita vilivyozuka ghafla kwenye mwezi wa sayari ya watu, akawa mtu wa makombora, na hakuyumba tena.

Wascar aliitetea mizinga kwenye meza ya dhumna, chini ya nguzo ya umeme.

"Kombora ukilirusha limekwenda zake," alisema. "Mzinga unapiga, unapiga tena."

"Na mimi nikae na rola mpaka Krismasi?"

"Jifunge kitambaa."

"Jifunge wewe mwenye kipara. Sisi tuna nywele."

Wazee wa dhumna wakaanza kuuliza maswali ya maana. Meli inakataje kona pasipo maji wala hewa? Kwa nini upigane ukiwa karibu ikiwa unaweza kupigana ukiwa mbali? Yokasta aliyaandika maswali yao kwa Ezequiel, na Ezequiel aliyajibu kwa kirefu, kwa hasira, na kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

Joto nalo lilitaka pa kwenda. Hiyo ilikuwa kanuni ya Ezequiel mwenyewe, aliyoilea kama mtoto: angani hakuna upepo wa kupoza kitu, kwa hiyo joto la mtambo, ngao na mizinga lazima litoke kwa mapezi marefu ya chuma ubavuni mwa meli, likizidi, mapezi huyeyuka na meli hufa. Hakuna aliyewahi kuipinga kanuni hiyo. Joto la Mkaidi lilitokea kwenye tangi la maji juu ya paa la Yokasta. Baada ya kila vita majirani walipanda na ndoo, wakaoga maji ya moto, na waliokuwa na baridi yabisi walisema imepungua.

Kampuni ya umeme ilimtuma mhandisi aitwaye Polanco. Alikuwa mtu mwenye adabu, shati lililonyooka, na alipanda nguzo yeye mwenyewe. Akapima, akashuka, akafuata waya mpaka sebuleni.

"Umeme huu si wetu," alisema.

"Si wenu," Yokasta alikubali. "Ni wa meli."

"Ipi?"

Akaonyeshwa. Aliinama mbele ya skrini kwa muda, akasema angekuwa yeye angerefusha mapezi kidogo, na kwamba kwa upande wake angechukua makombora. Nurys alimletea kahawa bila kuombwa.

Ng'ambo ya barabara kuu, mkabala na Cerro Hondo, kuna jumba la maduka ambalo taa zake hazijawahi kuzimika. Humo ndani kuna ukumbi wa theluji ya mashine. Watoto wanaoshushwa na magari hukodishiwa makoti, katika mji ambao watu hulala na madirisha wazi, wakaingia humo kurushiana mabonge ya barafu. Bi Digna aliwahi kwenda ofisi za kampuni, mtungi wake kwenye toroli, kuuliza kwa nini umeme ukipungua hupunguzwa puani mwake na si kwenye theluji. Aliambiwa asubiri kwenye benchi. Alisubiri mpaka mtungi ukakaribia kwisha, akarudi nyumbani na hasira ambayo hajaimaliza mpaka leo.

Mhandisi Polanco alimaliza kahawa. "Mtaa wenye umeme wake hauhitaji wetu," alisema. "Nitawaondoa kwenye ratiba. Mgao wenu utahamia kule ng'ambo. Wana upungufu."

"Upungufu gani?" Bi Digna aliuliza.

"Wanajenga ukumbi wa pili."

"Sisi hatujasema hatuutaki umeme wenu."

"Hamjasema, mama. Kipimo ndicho kilichosema." Akaweka kikombe mezani kwa uangalifu, akashukuru, akaondoka. Kuanzia kesho yake Cerro Hondo haikupata umeme wa kampuni hata wa kudonoa. Zile saa chache za zamani, ambazo watu walikuwa wakizipokea kwa kupiga makofi na vifijo madirishani, zikaisha. Mtaa mzima ukabaki juu ya mgongo wa Mkaidi, na Bi Digna pamoja nao.

Ni katika hali hiyo Ezequiel alipotangaza kanuni mpya.

Wachezaji walikuwa wamemchosha, alieleza. Watu wanarudi nyumbani kutoka kazini wanataka kupiga risasi, hawataki kuhesabu balbu. Kwa hiyo mitambo inaondolewa katika meli zote. Nishati itakuwepo tu, haitoki popote, haiishi. Hakuna mtambo, hakuna kuyumba, hakuna ubao wa swichi.

Yokasta alimpigia papo hapo, tupa ya kucha ingali mkononi.

"Ukiufuta mtambo unamzimia mashine shangazi yangu."

"Mashine gani?"

Akamweleza. Alieleza kuhusu inveta, waya, tangi, theluji na mhandisi. Ezequiel alisikiliza mpaka mwisho, na hakuuliza inawezekanaje. Aliuliza mtambo unatoa kiasi gani ukiwa umetulia, Yokasta akamtajia, naye akasema ni sawasawa na hesabu zake.

"Nampa pole Bi Digna," alisema. "Kwa moyo wote. Lakini nina watu elfu wanaocheza, Yoka. Siwezi kubuni vita vizima kwa ajili ya pafu moja."

"Mapafu mawili."

"Unajua ninachomaanisha."

"Najua vizuri sana. Nimekisikia maisha yangu yote, ila waliokisema walikuwa wamevaa tai." Yokasta alikuwa amesimama sasa, na sauti yake ilifika mpaka kwenye dhumna. "Napinga. Nataka pambano."

Huo ndio utaratibu wa Jua Baridi. Ubishi ukishindikana kumalizwa kwa maneno, kila upande huleta meli iliyojengwa kwa kanuni yake, meli hizo hupigana mbele ya wote, na kanuni ya aliyeshindwa hufutwa. Ezequiel ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo, na hakuwa mtu wa kukimbia alichokianzisha. Wakapatana iwe Jumamosi alasiri. Wascar alijaribu kwanza kuinakili Mkaidi kwenye kompyuta ya binamu yake, peke yake, nje ya kanuni za wengine. Nakala ile haikuwasha hata balbu.

Jumamosi watu wa Cerro Hondo walizima vitu vyao. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaomba. Mwenye duka alichomoa friji ya bia akiitazama kama mtu anayemzika rafiki. Wanawake walikuja na rola kichwani, wakasimama nje ya madirisha ya Yokasta. Wazee waligeuza dhumna zao chini juu ya meza. Mitungi ya akiba ya Bi Digna ilikuwa mitupu, kwa maana inayoijaza ni kampuni nyingine, nayo ina ratiba yake. Yeye mwenyewe alivaa gauni la kanisani.

Ezequiel alileta meli mpya iitwayo Teorema. Ilikuwa nzuri, hilo hata Wascar alilikubali. Ilikuwa ndefu, nyeupe, mapezi yametandazwa pande zote, na ngao zake zilijijaza zenyewe kila zilipotobolewa. Mkaidi ilisimama mbele yake, fupi na nene, kama mama muuza ndizi aliyeziba njia.

Yokasta alipiga kwanza. Makombora yote aliyarusha mwanzoni, kwa heshima ya Nurys, na ngao za Teorema ziliyameza. Akaja na mizinga. Ngao zikatoboka, zikajijaza. Teorema nayo ikaanza kupiga, bila kupumzika, bila kupungua, kama mtu anayemwaga maji yasiyo yake. Mkaidi ikapigwa tumboni. Mtambo ukayumba, taa za meli zikazimika, na ubao wa swichi ukafunguka mbele ya Yokasta: injini, ngao, mizinga, vyumba vya mabaharia, hewa.

Mashine ya Bi Digna ilikohoa, ikaendelea.

"Zima hewa," Wascar alisema kwa sauti ya chini. "Kidogo tu. Tukiupa mzinga mkubwa umeme wa hewa, tunamtoboa kabla ngao haijajaa."

Yokasta aliusoma tena ubao wa swichi.

"Chukua, mwanangu," Bi Digna alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nina pumzi ya kutosha hapa."

"Unaimaliza kwa kuongea, Shangazi."

"Nimevuta vumbi la tumbaku tangu sijavunja ungo. Mtu wa matairi atanifanya nini? Chukua, mpige."

Alikuwa ameshika mrija tayari kuuvua, naye alimaanisha. Yokasta aligeuka akamtazama, na wote waliokuwa madirishani waliona uso wake. Alikuwa anaogopa. Alimpenda mwanamke yule kuliko meli zote zilizopata kubuniwa, na hakuwa na mtu mwingine.

"Hewa haiguswi," alisema.

Akazima mizinga. Akazima injini. Akazima vyumba vya mabaharia, na mwisho, Wascar akiwa amejifunika uso kwa kofia yake, akazima ngao. Katika meli yote ilibaki swichi moja. Mkaidi ikawa bonge la chuma jeusi linaloelea, na likaanza kupoa.

"Unafanya nini?" Ezequiel aliuliza masikioni mwake.

"Umeme umekatika," Yokasta alisema. "Nasubiri."

Silaha za Teorema zililenga kwa kufuata joto, kama silaha zote za Jua Baridi, kwa kuwa Ezequiel alisema ndiyo njia pekee yenye akili. Sasa hapakuwa na joto la kufuata. Teorema ikapiga pale Mkaidi ilipokuwa. Ikapiga pale ambapo ingeweza kuwa. Ikafagia anga kulia na kushoto. Nje, watu walijipepea kwa mifuniko ya sufuria na kunyamaza. Kusubiri bila umeme ni kazi, na hakuna aliyeizoea kama wao. Wanajua kukaa kimya jotoni bila kugusa kitu, bila kuuliza utarudi lini.

Mtu mmoja katika watazamaji, wa mji mwingine kabisa, aliandika: Ezequiel, mapezi yako.

Mapezi ya Teorema yalikuwa yamegeuka mekundu. Nishati haikuisha, kwa hiyo joto nalo halikuisha, na kanuni ya joto haikuwa imefutwa na mtu. Ezequiel aliacha kupiga. Lakini ngao zilikuwa bado zinajijaza zenyewe, zikijaza kilichokwisha kujaa, na kila zilipojijaza zilitoa joto. Akatafuta swichi ya kuzizima. Hapakuwa na swichi. Ubao wa swichi aliuondoa yeye.

"Hii haina pa kuzimia," alisema, kama mtu anayejisomea.

"Haina," Yokasta alisema.

Mapezi yalilainika, yakainama, yakadondoka moja baada ya jingine. Teorema ikapasuka katikati bila sauti, maana angani hakuna sauti, na hilo nalo waliwahi kulibishania mwaka mzima. Madirishani watu walipiga makofi, mwenye duka akakimbilia friji yake. Wascar aliketi sakafuni. Yokasta aliwasha injini, kisha ngao, kisha vyumba vya mabaharia, polepole, akisikiliza mashine iliyo nyuma yake, na siku ile hakupaka tena mtu kucha.

Sauti ya Ezequiel ilikuwa imepotea. Baadaye alipiga kwa simu.

"Yoka. Huku kwangu umeme umekatika."

"Jengo zima?"

"Nyumba yangu tu. Majirani wana taa. Sasa mtu anafanyaje?"

"Toa kiti nje, ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Usengenye wenye taa."

Akasikika anaburuta kiti. Alikuwa muungwana katika kushindwa: kanuni yake aliifuta mwenyewe, kwa simu, akiwa barazani, na akaomba tu kwamba Yokasta aandike maelezo ya ubao wa swichi kwa lugha ambayo hata mtu wa Córdoba anaweza kuielewa. Yokasta aliandika. Tangu hapo meli zote za Jua Baridi zina mtambo, zote huyumba zikipigwa, na wachezaji wengi hulalamika. Mkaidi ipo kwenye obiti yake, Cerro Hondo inawaka, na ubishi wa makombora na mizinga haujaisha wala hautarajiwi kuisha.

Juma lililofuata mhandisi Polanco alirudi na lori na wafanyakazi. Walikuja kuichukua transfoma. Ukumbi wa pili wa theluji ulikuwa umekamilika, mashine zake zilihitaji transfoma, na ile ya Cerro Hondo haikuwa na kazi. Wazee waliisogeza meza ya dhumna mpaka ikagusa nguzo, wakakaa, wakagawa vipande. Wascar aliegesha bodaboda yake nyuma ya lori. Nurys na wenzake walisimama mbele ya lori na rola zao, mikono kifuani, kucha zimepakwa zote. Polanco hakumfokea mtu. Alileta ngazi ndefu zaidi na winchi, na wafanyakazi wakapita juu ya vichwa vya wazee, wakiomba radhi kila hatua. Transfoma ilishushwa upande wa pili wa ukuta. Lori jingine lilikuwa linangoja huko.

Nguzo ilibaki uchi. Yokasta alitoka nje akamsaidia shangazi yake kuvuka kizingiti, mrija mrefu ukimfuata Bi Digna kutoka sebuleni kama waya wa pasi. Mhandisi Polanco alivua kofia alipomwona. Akamuuliza, kwa upole wa kweli, kama sasa, baada ya kupata umeme wa mchana kutwa, mtaa una malalamiko yoyote ya kupeleka ofisini.

Bi Digna aliuvua mrija puani ili asikike vizuri.

"Tunayo yale yale," alisema.